Kumrekodi Askari Akiwa Kazini Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuchukua Video, Kuihifadhi na Kuifikisha Mbele ya Sheria

Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, siku ambayo amri ya kutotoka nje usiku ilianza kutekelezwa nchini Kenya kwa sababu ya korona, askari waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga kwa virungu wananchi waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni ili wafike makwao kabla ya saa moja. Yaliyotokea kivukoni hayakuweza kukanushwa, kwa kuwa yalinaswa na kamera za wanahabari na kwa simu za raia waliokuwa hapo. Hata hivyo, kuonekana kwa tukio na kuthibitika kwake mahakamani ni mambo mawili. Video inaweza kutazamwa na nchi nzima na bado ikakosa mtu wa kusimama mbele ya hakimu na kusema: mimi ndiye niliyerekodi, kwa simu hii, mahali hapa, saa hii, na sijaibadilisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe ni muuza mboga wa Kongowea, dereva wa tuktuk wa Kisauni au mama aliyefungua dirisha lake Majengo baada ya kusikia kelele usiku.

Hatua ya kwanza: Kujua sheria inakuruhusu nini

Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na ibara ya 244 inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iheshimu haki za binadamu na iwajibike kwa matendo yake. Hakuna kifungu kinachosema kuwa kumrekodi askari anayefanya kazi hadharani ni kosa. Askari aliye barabarani na sare anatumia mamlaka aliyopewa na wananchi, na mwananchi anayo haki ya kutazama namna mamlaka hayo yanavyotumika.

Haki hiyo ina mipaka, na ni lazima uijue kabla hujaitoa simu mfukoni. Mpaka wa kwanza ni kumzuia askari kutekeleza kazi yake, ambalo ni kosa chini ya kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu. Ukijiingiza kati yake na mtu anayemkamata, ukamvuta mkono au ukawachochea watu wamzunguke, umetoka katika kurekodi na kuingia katika kuzuia. Mpaka wa pili ni mahali. Sheria ya Maeneo Yanayolindwa na Sheria ya Siri za Serikali zinatoa adhabu kwa anayeingia au kupiga picha mahali palipowekwa chini ya ulinzi maalumu, na mji wetu una sehemu nyingi ambazo ni za namna hiyo au ambazo walinzi wake huzichukulia hivyo: kambi ya wanamaji ya Mtongwe, bandari ya Kilindini, uwanja wa ndege wa Moi. Kwenye feri na vivuko vyake pia, wahudumu wamezoea kukataza picha kwa miaka mingi. Ikiwa tukio linatokea karibu na sehemu kama hizo, rudi nyuma hadi kwenye barabara ya kawaida na uelekeze kamera kwa watu, si kwa majengo au vyombo.

Jambo jingine ambalo wengi hulichanganya ni tofauti kati ya polisi na askari wa kaunti, yaani kanjo. Wanaowafukuza wachuuzi Marikiti au Mwembe Tayari mara nyingi ni kanjo, na hao hawako chini ya chombo kinachosimamia polisi. Video yao inachukuliwa kwa njia ileile, lakini inapelekwa kwingine, kama itakavyoelezwa mbele.

Hatua ya pili: Kuiandaa simu kabla ya siku yenyewe

Huhitaji simu ya bei ghali. Unahitaji simu ambayo saa yake imewekwa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, kwa sababu video yenye saa isiyo sahihi itampa wakili wa upande wa pili swali la kwanza la kuuliza. Funga simu kwa namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi, na uzime ufunguzi wa alama ya kidole na wa uso, kwani kidole chako kinaweza kubanwa kwenye kioo kwa nguvu, ilhali namba iko kichwani mwako. Zuia pia ujumbe usionekane kwenye kioo kilichofungwa.

Jifunze kufungua kamera bila kuifungua simu yote. Katika simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka. Kisha pima nafasi iliyobaki. Video ya ubora wa 1080p hula takriban megabaiti 100 au zaidi kwa dakika moja, kwa hiyo dakika kumi zinahitaji zaidi ya gigabaiti moja. Ikiwa nafasi ni ndogo, shusha ubora hadi 720p. Sura na namba zitasomeka ukiwa karibu kiasi, na utaweza kurekodi kwa muda mrefu zaidi. Washa uhifadhi wa moja kwa moja mtandaoni ili video ianze kupanda yenyewe, ukikumbuka kuwa utakula bando.

Kuhusu kuonyesha mahali, yaani kuiruhusu kamera iandike ndani ya faili sehemu ulipo, mimi napendelea iwashwe unapokuwa barabarani, kwa kuwa ni uthibitisho wa bure. Izime ukirekodi kutoka dirishani kwako, maana faili hilohilo litamwelekeza kila atakayelipata hadi nyumbani kwako. Zipo pia programu zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii, kama eyeWitness to Atrocities ya International Bar Association, iliyozinduliwa mwaka 2015, ambayo hufunga pamoja na picha saa, mahali na uthibitisho kuwa faili halijaguswa. Nyingine ni ProofMode. Jifunze kuzitumia ukiwa umetulia nyumbani.

Mwisho wa maandalizi ni kuhifadhi kichwani, au kuandika kwenye karatasi iliyo mfukoni, namba ya simu ya ndugu mmoja na ya wakili mmoja. Simu ikichukuliwa, majina yaliyomo hayatakusaidia.

Hatua ya tatu: Kurekodi

Simama mbali, hatua kumi au zaidi, mahali penye njia ya kuondokea nyuma yako. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba mno kwa jambo hili, na huko ni afadhali ghorofani au barazani kuliko chini njiani. Ishike simu kwa ulalo, kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimebana kifuani ili picha isitetemeke.

Anza na picha pana. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote, kwa sababu ndio unaosahauliwa kuliko wote: mtu hukimbilia kuelekeza kamera kwenye kirungu, na baadaye hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa barabara ile ilikuwa Mombasa na si mji mwingine. Onyesha kwanza kitu kisichohamishika, kama vile mnara wa msikiti, bango la duka, mapembe ya ndovu ya barabara ya Moi au kibao cha jina la mtaa. Sema kwa sauti ya kawaida tarehe, saa na mahali, mara moja tu. Kisha sogea taratibu hadi kwa tukio lenyewe bila kukata video, kwa sababu video iliyokatika katikati huzaa swali la nini kilitokea katika sekunde zilizokosekana.

Ukifika kwa askari, tafuta utambulisho. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Tulia kwenye kifua kwa sekunde kumi ikiwezekana, kisha kwenye namba ya gari, maandishi ya ubavuni mwa gari, silaha iliyobebwa na mkono unaoishika. Kama hana jina wala namba, au ameziba uso, sema hivyo kwa sauti, kwa kuwa kukosekana kwake ni jambo la kurekodiwa pia. Mbali na hapo, nyamaza. Matusi, laana na maneno ya hasira, hata yakiwa na sababu, yatasikika mahakamani pamoja na picha, na yatatumika kuonyesha kuwa mrekodi alikuwa adui wa askari tangu mwanzo.

Usivute picha karibu kwa kioo (zoom), kwani inapoteza ubora. Afadhali ubaki na picha pana iliyo wazi. Usiku usiwashe taa ya simu, kwa sababu itakutambulisha na kuharibu picha. Jisogeze upande ambao taa ya barabarani iko mgongoni mwako. Wakati wa kusi, upepo wa baharini hufunika kabisa sauti katika simu, hasa Mama Ngina na kando ya kivuko, kwa hiyo jipinde kidogo ili mwili wako ukinge tundu la maikrofoni. Baada ya vurugu kupoa usiharakishe kuzima. Majeruhi wanapobebwa, maganda ya risasi yaliyo chini, damu, viatu vilivyoachwa na gari linavyoondoka na upande linaloelekea, yote hayo ni sehemu ya ushahidi, na mara nyingine ndiyo sehemu yenye uzito zaidi. Maganda yenyewe usiyaguse.

Ikiwezekana muwe wawili. Mmoja arekodi tukio, na mwenzake asimame mbali zaidi amrekodi yule anayerekodi. Askari akidai baadaye kwamba aliingiliwa kazini, video ya pili itaonyesha umbali uliokuwapo kati yao.

Kuhusu kurusha moja kwa moja mtandaoni, wengi hulipenda kwa sababu picha hutoka simuni papo hapo na haiwezi kufutwa kwa kuvunja simu. Mimi naona litumike pale tu ambapo kuna hatari ya kweli ya kunyang'anywa simu, kwa sababu ukirusha hivyo huwezi tena kuuficha uso wa mtoto, wa mwanamke aliyevuliwa buibui au wa shahidi ambaye kesho atahitaji kulala kwake kwa amani.

Hatua ya nne: Askari akikugeukia

Ongea kwa heshima na kwa sentensi fupi: "Afande, niko mbali, sikuzuii kazi yako." Rudi nyuma hatua chache huku ukiendelea kurekodi, na mikono yako ionekane. Akizidi kukujia, shusha simu. Usikimbie, na usianze kumsomea Katiba mtu aliyeshika bunduki na aliyekwisha kasirika. Hoja hiyo ina mahali pake, na mahali pake ni mbele ya hakimu. Akinyakua simu, mwachie, kisha kariri jina, namba, gari na wakati.

Akikulazimisha kufuta video, elewa kuwa mara nyingi haijapotea. Simu nyingi huweka zilizofutwa katika kikapu chake kwa siku 30 hivi. Ondoka hapo, acha kabisa kurekodi vitu vipya kwenye simu hiyo, na uirejeshe ukiwa mahali salama.

Ukikamatwa, ibara ya 49 inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimekwisha mahakama ikiwa imefungwa. Kituoni omba kukamatwa kwako kuandikwe kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, na simu yako iorodheshwe miongoni mwa mali iliyochukuliwa. Ukiulizwa namba ya siri, jibu kwa utulivu kwamba utaitoa kwa amri ya mahakama baada ya kuzungumza na wakili wako.

Hatua ya tano: Kuihifadhi video usiku uleule

Hapa ndipo rekodi nyingi hufa. Mtu hufika nyumbani, huikata video ili ibaki sehemu ya kusisimua, huituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kisha huifuta kwa kuwa simu imejaa. Kinachobaki duniani ni nakala za nakala, zilizobanwa na kupunguzwa ubora, zisizo na saa wala mahali ndani yake, na ambazo hakuna anayejua zilianzia kwa nani.

Faili la asili lisiguswe. Usilikate, usilipe jina jipya, usiliongezee maandishi wala muziki. Toa nakala kwa waya hadi kwenye kompyuta au flashi, na weka nakala mbili mahali pawili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti na si kama video, kwa kuwa ikitumwa kama video programu huibana na kufuta taarifa zilizomo ndani.

Kisha piga hesabu ya SHA-256 ya faili. Hii ni alama ya herufi na tarakimu 64 inayotolewa na programu za bure kutokana na kila kilichomo katika faili. Ikibadilika nukta moja ya picha, alama yote hubadilika. Iandike daftarini pamoja na tarehe. Miaka mitatu baadaye mtaalamu yeyote ataweza kuirudia hesabu ileile na kuonyesha kuwa video iliyo mbele ya mahakama ndiyo uliyoichukua usiku ule.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Andika usiku uleule, kabla hujazungumza na watu wengi: ulikuwa wapi, uliona nini kabla ya kuanza kurekodi, ulisikia nini, mwanga ulikuwaje, nani mwingine alikuwapo, simu ni ya aina gani na namba yake ya IMEI, yaani ile inayoitambulisha simu hiyo pekee, ni ipi. Kila mara unapompa mtu nakala, andika jina lake, siku na sababu.

Haya yote yana msingi katika sheria. Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi kinakubali ushahidi wa kidijitali, na kinaitaka mahakama iangalie namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kutumwa, namna ulivyolindwa usibadilishwe, na namna aliyeutengeneza alivyotambulika. Kifungu cha 106B kinahitaji cheti: maandishi yanayoitaja rekodi, yanayoeleza jinsi ilivyotolewa, yanayotaja kifaa kilichotumika, na yaliyotiwa saini na mtu aliyehusika na kifaa hicho. Wakili au mpelelezi atakusaidia kukiandika, lakini maelezo yatatoka kwako, na ndiyo maana daftari ni muhimu.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko mbali na Pwani. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis nchini Marekani, msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alirekodi kwa simu yake askari Derek Chauvin akiwa amemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti hadi akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia tatizo la kiafya. Video iliipindua taarifa hiyo, na mwaka uliofuata Frazier mwenyewe aliingia mahakamani akatoa ushahidi, Chauvin akapatikana na hatia ya mauaji mwezi Aprili 2021. Hakurekodi tu, alibaki na rekodi yake mpaka mwisho.

Hatua ya sita: Kamera za maduka na nyumba

Maduka mengi ya Digo Road, Nyali na Bamburi yana kamera za CCTV, na mara nyingi huona ambacho simu haikuona. Shida yake ni muda: mashine hujiandika upya juu ya picha za zamani, mara nyingine ndani ya wiki moja. Nenda kwa mwenye duka siku hiyohiyo au kesho yake, mwombe atoe faili la asili kutoka kwenye mashine, na umwandike katika daftari kama mtoaji. Linganisha saa ya mashine na saa sahihi, uandike tofauti, kwani saa za mashine hizi mara nyingi huwa mbele au nyuma. Kama hajui kuitoa, rekodi kioo chake kwa simu kama tahadhari, kisha mtafute fundi aliyezifunga.

Usitegemee kamera zilizo mikononi mwa polisi wenyewe. Baada ya mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang' kufia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central jijini Nairobi, Juni 2025, Mamlaka ya kusimamia polisi iliwaambia maseneta kwamba mitambo ya kamera ya kituo hicho ilikuwa imechezewa.

Ukifunga kamera nyumbani kwako inayotazama barabarani, weka kibao cha kuwaarifu wapita njia, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe pia.

Hatua ya saba: Kuipeleka panapostahili

Mahali pa kwanza ni Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria namba 35 ya mwaka 2011. Ni chombo cha kiraia, kina ofisi Mombasa, hakitozi ada, na namba yake ya simu isiyolipiwa ni 1559. Kinachunguza vifo na majeraha mabaya yaliyosababishwa na polisi, pamoja na malalamiko mengine ya utovu wa nidhamu, na kinaweza kupendekeza mashtaka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wape nakala, waonyeshe la asili, na usitoke bila maandishi yenye namba ya malalamiko yako.

Aliyejeruhiwa aende hospitali mapema, aripoti kituoni apate namba ya OB, na ajaziwe na daktari fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kueleza majeraha. Ikiwa anaogopa kituo kilekile ambako askari wale wanatoka, aende kingine akiwa na wakili au mtu wa shirika la haki. Hapa Mombasa MUHURI na HAKI Africa wana uzoefu mrefu wa kesi za polisi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo hupokea malalamiko. Nionavyo mimi, ni vyema kupitia kwao kwanza kama wewe ni kijana usiye na mtu wa kukusimamia, kwa sababu hutaingia ofisini peke yako. Shahidi anayetishwa anaweza kuombewa ulinzi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2006.

Malalamiko dhidi ya kanjo yaende kwa serikali ya kaunti kwa maandishi, na nakala kwa Tume hiyo au kwa Ofisi ya Mpatanishi wa Umma. Akimpiga mtu, hilo ni kosa la jinai na linaripotiwa polisi kama kosa jingine lolote.

Mtandaoni, video ije baada ya nakala kufika mikononi mwa wachunguzi. Ziba nyuso za wahanga na mashahidi kwenye nakala, si kwenye faili la asili, na andika kile tu ambacho picha inaonyesha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 imewahi kutumika kuwashtaki watu kwa kueneza habari za uongo, na maelezo yaliyotiwa chumvi yanaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Kesi za namna hii huchukua miaka. Usiuze simu uliyorekodia wala usiirejeshe katika hali ya kiwandani mpaka kesi iishe au mpelelezi akuandikie kwamba haihitajiki tena. Ikiharibika, iweke hivyohivyo kwenye bahasha yenye tarehe. Ukibadilisha namba ya simu au ukihamia mtaa mwingine, iarifu IPOA kwa kutaja namba yako ya malalamiko, ili siku ya kuitwa kutoa ushahidi wito ukufikie.